PICHA MOJA, OSCAR TATU, NA SASA IMEFUNGIWA KABATINI!

*Sungura mjanja alimpa umaarufu, sungura huyo huyo akamzika*

WEKA dau na mshkaji wako yeyote anayejidai mtaalamu wa sinema. Muulize: mwanamume mweusi wa kwanza kushika Oscar kwa kazi ya kuigiza ni nani? Atajibu fasta, bila hata kumeza mate: Sidney Poitier, mwaka 1964, picha ya Lilies of the Field.

Hapo dau lako umeshalila. Poitier, yule yule aliyeigiza Kimani kwenye Something of Value, picha ya 1957 inayohusu Mau Mau, kweli ndiye mweusi wa kwanza kushinda kama mwigizaji bora wa kiume. Lakini miaka 16 kabla yake, usiku wa tarehe 20 Machi 1948, kuna jamaa mmoja mweusi kutoka Indianapolis alipewa sanamu ile ile ya dhahabu mjini Los Angeles. Anaitwa James Baskett. Kama jina hilo hujawahi kulisikia, usijilaumu. Hata Marekani kwenyewe wengi hawamjui, na sababu yake ndiyo kisa chenyewe.

ALITAKA UFAMASIA

Baskett alizaliwa tarehe 16 Februari 1904. Ujanani alianza kusomea ufamasia, akaona haumpeleki anakotaka, akageukia jukwaa. Akatua New York, mtaa wa Harlem, akaigiza na kundi la Lafayette Players. Mwaka 1929 alikuwa Broadway kwenye onyesho la Hot Chocolates, lile lile lililomtoa Louis Armstrong. Baadaye akaingia kwenye picha zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji weusi, kwa kuwa zama hizo weusi walikuwa na sinema zao na weupe zao. Kwenye Harlem Is Heaven ya 1932 yumo pamoja na mcheza dansi maarufu Bill Robinson.

Alipohamia Los Angeles, riziki ikawa kwenye sauti. Mwaka 1941 alimsemea kunguru mmoja kwenye katuni ya Dumbo, lakini jina lake hulioni popote kwenye picha. Redioni alikuwa kwenye Amos 'n' Andy, akiigiza wakili mwenye maneno mengi aitwaye Gabby Gibson. Kipindi hicho, msomaji, kilikuwa kituko: kilihusu maisha ya watu weusi, lakini wahusika wawili wakubwa walikuwa wakiigizwa na wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll. Yaani Baskett alikuwa mweusi halisi anayewapigia jeki weusi wa bandia.

Mwaka 1945 akasikia kwamba kampuni ya Walt Disney inatafuta watu wa kusemea wanyama kwenye picha mpya, Song of the South. Akaenda kujaribu bahati kwa kisauti kidogo tu, cha kipepeo. Disney alipomsikia na kumwona, kipepeo kikasahaulika. Baskett akapewa usteringi wa picha nzima: Uncle Remus, mzee mweusi anayesimulia hadithi kwenye shamba kubwa huko Georgia. Juu ya hapo akasemea pia mbweha, na kuna sehemu moja akasemea na sungura mwenyewe.

SUNGURA WETU HUYO

Hapa panatuhusu. Hadithi za Uncle Remus ziliandikwa na mwandishi wa magazeti mzungu, Joel Chandler Harris, akatoa kitabu cha kwanza mwaka 1880. Lakini Harris hakuzitunga. Alizisikia akiwa kijana mdogo kwenye shamba la Georgia, akikaa jioni na watumwa vibandani mwao. Sungura mdogo, hana nguvu, hana meno ya maana, lakini anamzidi akili mbweha na dubu kila siku. Kuna mahali ananaswa kwenye sanamu ya lami. Anaipiga kofi, mkono unanasa, anaipiga teke, mguu unanasa. Nani kati yetu hakuisikia hiyo kwa bibi yake, ila kwetu ni ulimbo badala ya lami? Hadithi za namna hiyo zimetapakaa Afrika nzima, na zilivuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo. Mtumwa aliposimulia habari za sungura na mbweha, alijua vizuri sungura ni nani na mbweha ni nani.

Jina lenyewe la mzee huyo lina ujanja ndani yake. Kwetu kumwita mtu mjomba ni heshima na undugu. Kule Kusini mwa Marekani wazungu waliwaita wazee weusi "Uncle" ili tu wasilazimike kuwaita "Bwana".

ATLANTA IKAMFUNGIA MLANGO

Picha ilizinduliwa tarehe 12 Novemba 1946 katika ukumbi wa Fox, mjini Atlanta. Shamrashamra za kutosha. Walt Disney yupo, mastaa wapo. Steringi hayupo. Atlanta ilikuwa mji wa sheria za ubaguzi, na Baskett asingeruhusiwa kushiriki sherehe za picha yake mwenyewe pamoja na wenzake. Sura yake iko kwenye pazia kubwa, wazungu wanaishangilia, mwenyewe hawezi kuingia!

Na Atlanta haikuanzia kwake. Kwenye picha hiyo hiyo yumo Hattie McDaniel, aliyeigiza mpishi Aunt Tempy. Huyu mama alikuwa na uzoefu na mji ule. Desemba 1939 walipozindua Gone with the Wind papo hapo Atlanta, naye hakuhudhuria, kwa sababu ile ile ya rangi. Inasimuliwa kwamba Clark Gable alitaka kususa, Hattie mwenyewe akamtuliza.

Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Februari 1940, Hattie alishinda Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Mweusi wa kwanza kabisa, mwanamume au mwanamke. Sherehe ilikuwa kwenye hoteli ya Ambassador, Los Angeles, ambayo haikupokea weusi. Mtayarishaji wa picha, David O. Selznick, alilazimika kumwombea ruhusa ya kuingia, na mama wa watu akawekwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa Gone with the Wind. Alitoka hapo kwenda kupokea tuzo, akarudi kuketi hapo hapo.

OSCAR YA MLANGO WA UANI

Turudi kwa Baskett. Watu waliipenda kazi yake, lakini alipofika wakati wa Oscar hakuteuliwa kushindania chochote. Mwaka ule uigizaji bora wa kiume ulikwenda kwa Ronald Colman. Walt Disney hakukubali. Januari 1948 alimwandikia barua Jean Hersholt, rais wa Akademi, akimpigia debe mtu wake. Ndipo ikatoka Oscar maalumu ya heshima, kwa jinsi alivyomwigiza Uncle Remus, rafiki na msimuliaji wa watoto wa dunia. Aliyemkabidhi ni Ingrid Bergman. Usiku huo huo wimbo wa picha hiyo, Zip-a-Dee-Doo-Dah, nao ukashinda, na mwimbaji wake ni huyo huyo Baskett.

Mimi naiita Oscar ya mlango wa uani. Ni heshima kweli, na wakati ule hakuna mwanamume mweusi aliyekuwa ameipata. Lakini mtu ameibeba picha nzima mgongoni, kwa nini asishindanishwe na wenzake, ashinde au ashindwe? Akademi haikulazimika kujibu swali hilo, na Baskett hakuishi vya kutosha kuwapa nafasi nyingine.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua kwamba steringi hafi. Huyu alikufa tarehe 9 Julai 1948, hata miezi minne haijatimia tangu ashike sanamu. Kisukari na moyo. Alikuwa na miaka 44, umri ambao Hollywood mwanamume ndiyo kwanza anaanza kupewa kazi za maana. Alirudishwa Indianapolis kuzikwa.

NA YULE MTOTO JE?

Picha ile ina Oscar ya tatu. Mtoto mzungu anayemsikiliza Uncle Remus, Johnny, aliigizwa na Bobby Driscoll. Mwaka 1950 Bobby alipewa Oscar maalumu ya watoto, akiwa na umri wa miaka 13. Baadaye akawa sauti ya Peter Pan kwenye katuni ya 1953. Mwaka huo huo kampuni ikaachana naye. Sura ya kitoto imekwisha, chunusi zimeingia, kazi hakuna. Akatumbukia kwenye dawa za kulevya. Machi 1968 maiti yake ilikutwa kwenye jengo bovu lililohamwa mjini New York, haina kitambulisho, ikazikwa kwenye makaburi ya wasio na ndugu katika kisiwa cha Hart. Alikuwa na miaka 31. Familia ilikuja kujua baada ya zaidi ya mwaka, kwa alama za vidole.

Hattie naye alifariki Oktoba 1952 kwa saratani ya matiti. Alitamani kuzikwa kwenye makaburi ya mastaa wa Hollywood. Wakakataa, makaburi ya wazungu tu. Mnara wa kumbukumbu yake ulikuja kuwekwa pale mwaka 1999. Tuzo yake aliwaachia Chuo Kikuu cha Howard, na huko ikapotea! Si sanamu, maana miaka ile washindi wa nafasi za usaidizi walipewa kibao tu, lakini ni kibao cha historia. Akademi iliwapa Howard kingine Oktoba 2023.

Najua kuna watakaosema picha ina mkosi. Acheni hizo. Mlango wa Atlanta haukufungwa na jini.

KWA NINI HUIONI

Song of the South ilirudishwa kwenye sinema za Marekani mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 1986. Baada ya hapo, kimya. Uingereza na Japani kanda zake ziliwahi kuuzwa. Marekani kwenyewe haikuwahi kutolewa kwenye kanda wala diski ikiwa nzima. Kwenye huduma ya Disney+ haipo, na Machi 2020 Bob Iger, bosi wa kampuni, aliwaambia wenye hisa kwamba haifai kwa dunia ya leo hata ikiwekewa onyo.

Lawama zake si za leo. Mwaka 1946 chama cha kutetea weusi, NAACP, kilisifu ufundi wake lakini kikalalamika kwamba inapamba maisha ya shambani, kana kwamba weusi na mabwana zao waliishi kwa raha mustarehe. Mjini New York watu waliandamana nje ya sinema na mabango. Na wana hoja. Hadithi imewekwa baada ya utumwa kukomeshwa, lakini picha hailisemi hilo wazi, kwa hiyo mtazamaji anaona weusi wakitoka kazini wakiimba na kufurahi, anadhani ni watumwa waliopenda utumwa. Ukitaka kumdanganya mtoto kuhusu historia, hiyo ndiyo njia tamu kuliko zote.

Lakini angalia hili. Juni 2020 Gone with the Wind iliondolewa kwenye HBO Max kwa sababu zinazofanana na hizo. Wiki mbili tu, ikarudi, safari hii ikitanguliwa na maelezo ya Profesa Jacqueline Stewart, mama mweusi, mtaalamu wa historia ya filamu. Unaelezwa uongo uko wapi, halafu unamwona Hattie akifanya kazi yake. Kama hilo liliwezekana kwa picha inayousifia Kusini ya watumwa kwa karibu saa nne, linashindikana vipi kwa Uncle Remus? Whoopi Goldberg alilisema mwaka 2017, tena siku ambayo Disney wenyewe walikuwa wanamtunuku: itoeni, watu waizungumzie.

Mimi niko upande wa Whoopi. Kampuni imejisafishia jina, sawa. Mwaka 2023 hata mchezo wa kuteleza majini uliotokana na picha hiyo ulifungwa kwenye viwanja vyake vya Marekani. Anayelipia ni marehemu mmoja aliyefanya kazi yake kwa heshima pale ambapo alipewa nafasi finyu. Poitier tunamwona, Hattie tunamwona, huyu wa katikati hatumwoni.

Ukitaka kumsikia bila kuhangaika, tafuta Dumbo. Hiyo bado inaonyeshwa, ina onyo, na onyo lenyewe linatokana na wale kunguru. Wako watano. Kiongozi wao waliwahi kumpa jina la Jim Crow, jina lile lile la sheria zilizomfungia Baskett mlango Atlanta, na sauti yake ni ya mzungu, Cliff Edwards. Mwache huyo. Sikiliza yule kunguru mnene.