Kipimo cha moyo cha saa 24: mambo ya kuandaa kabla ya safari

Katika toleo hili tunaeleza kipimo cha Holter, kifaa kinachovaliwa mwilini kurekodi mapigo ya moyo usiku na mchana. Jina ni la Norman Holter, mwanasayansi wa Marekani. Kifaa chake cha miaka ya 1940 kilibebwa mgongoni na kilikaribia kilo 40. Cha leo kinaenea kiganjani.

Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo hunasa sekunde 10 hivi tu, wakati moyo hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Mama anayepatwa na kizunguzungu akichokoa pweza Msimbati anaweza kufika hospitali moyo umeshatulia, akaambiwa hana kitu. Kumbe mapigo yakivurugika, damu huweza kuganda ndani ya moyo, bonge likapanda kichwani na kuleta kiharusi. Walioharibikiwa vali za moyo na homa ya rumatiki tangu utotoni wamo hatarini zaidi.

Vibandiko huwekwa kifuani, na nyaya zake huungwa kwenye kifaa. Hakipitishi umeme mwilini. Mgonjwa haogi mpaka kitolewe, na jasho la pwani yetu hulegeza vibandiko, hivyo avikague mara kwa mara. Kila anaposikia moyo kwenda mbio, aandike saa na alichokuwa akifanya. Asiyejua kuandika asaidiwe.

Huambiwa pia aendelee na kazi zake za kila siku nyumbani. Hapo ndipo penye ugumu kwa watu wetu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara. Mgonjwa wa Msimbati au Mahurunga aliyepewa rufaa ya huko atakivalia kwa ndugu, pengine Mbagala, na mgeni haachiwi hata kushika ndoo. Akishinda amelala, kifaa kitarekodi moyo uliopumzika, na nauli imepotea. Wenyeji waelezwe mapema wamwache atembee na kufanya kazi alizozoea, ila anayezimia asiachwe peke yake.

Kamati zisipange fedha za siku moja. Kuna siku ya kuvalishwa, siku ya kurudisha kifaa, ambacho mgonjwa mwingine anakisubiri, na siku ya majibu. Mzigoni kuwe na shati au blauzi ya vifungo mbele, daftari, kalamu na saa isiyochelewa.