Gunia Lililobaki Kwenye Kompyuta

Nilifika Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuulizia foleni ya malori, nikajikuta nimeng'ang'ania hesabu ya gunia moja la mchele. Gunia lenyewe halikuibwa wala kumwagika njiani. Halikuwahi kuachwa popote. Limebaki kwenye kompyuta tu.

Ajenti wa forodha aliyenieleza, mama aliyeanza kazi hii enzi za makaratasi na mihuri, alifungua daftari akaniandikia mfano. Magunia 1,600 ya kilo 50, yaani tani 80, yanapita Kenya na Uganda kwenda Kongo. Mwenye mali ni mmoja na tamko la forodha ni moja, ila lori moja haliwezi kubeba mzigo huo. Yanatakiwa matatu, na kila moja lina hati yake ya safari.

"Haya, gawa 1,600 kwa tatu," akaniambia.

Kila lori linapata 533, na gunia moja linabaki. Kwa hiyo lori mojawapo liandikiwe 534. Karani mwenye haraka huandika 533 mara tatu, jumla ikawa 1,599. Malori yamefika, mchele umeliwa, lakini tamko bado linadai gunia.

"Bondi yangu, ile dhamana ya ushuru, inabaki imeshikwa," akasema. "Afisa ukimweleza ataelewa. Kompyuta utaieleza nini?"

Alipiga mstari chini ya ile 534 mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, mzigo wa Uganda hulipiwa ushuru Kampala ukiwa ungali Mombasa, na mifumo ya mamlaka za mapato za Kenya na Uganda, KRA na URA, hupashana habari. Februari 2018 kikafunguliwa rasmi Busia kituo cha pamoja cha mpakani, lori likaguliwe upande mmoja tu. Mambo yameharakishwa kweli, na hilo mama halikatai. Analolalamikia ni kwamba zamani hati zilisafiri zikiwa bunda moja mkononi mwa dereva. Siku hizi zinakatwa vipande na kuunganishwa mbali, na kipande kikipotea ni yeye anayepigiwa simu usiku.

Kuunganisha nako kuna balaa lake. Kontena la kuchangia likitoka Guangzhou huwa na viatu vya huyu, simu za yule na vitenge vya mwingine. Hati kuu ya shehena ni moja, na chini yake kila mwenye mali ana hati yake ndogo. Kumi wakilipa ushuru na mmoja akakwama, kontena zima linangoja.

Mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 ana cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Mzigo wake haugawanywi kwenye malori matatu, na kuhusu hilo ana bahati kuliko matajiri.

Nilimuuliza mama kwa nini jumla isihakikiwe kabla lori la kwanza halijaondoka bandarini, na ni nani hulipia siku ambazo bondi imeshikwa kwa kosa la karani. La kwanza alilicheka. La pili hakulijibu.

Ukiagiza mzigo wa malori zaidi ya moja, mdai ajenti wako orodha ya mgawanyo mapema, ujumlishe mwenyewe kwa kalamu.