BETRI YA FRIJI KWENYE GARI: USINUNUE KAMA NILIVYONUNUA MIMI

Leo naongea na wale wenye friji kwenye gari: wa mtindi, juisi, samaki, ice cream, keki. Wewe unayepokea oda WhatsApp halafu unasambaza na kirikuu au Noah yako, soma hadi mwisho.

Mimi nauza mtindi na juisi hapa Morogoro. Nyuma ya kirikuu nina friji ndogo ya volti 12 ya kompresa, taa, na sehemu ya kuchajia simu mbili, maana simu ikizima oda zinaenda kwa mwingine. Vyote hivyo vinakula betri ya pili, sio ile ya kuwashia gari.

Mwaka jana betri hiyo ilikufa. Nikaenda dukani, muuzaji akanipa N70 mpya, akasema, "Hii ni kavu, inafanya gari, inafanya sola, inafanya kila kitu." Bei ilikuwa chini kuliko zile zilizoandikwa deep cycle. Nikajua nimepata dili.

Miezi mitano tu. Asubuhi moja naamka saa 11, nafungua friji, joto. Lita 38 za mtindi zimeharibika. Nauza lita 3,000, kwa hiyo ni 114,000 imemwagwa. Lakini hiyo hela sio iliyoniuma. Lita 20 kati ya hizo zilikuwa za mama mmoja mwenye shughuli siku hiyo hiyo, na alishalipa nusu. Nikampigia kuomba radhi. Akanijibu taratibu, "Mdogo wangu, hela utanirudishia, ila wageni wangu wako njiani." Nilimrudishia yote. Mpaka leo hajaagiza tena.

Ndio nikakaa chini kujifunza. Haya ndiyo niliyoyaelewa, na hesabu yake ni ile ile hata kwa magari ya kulalia porini yenye hema juu na friji ndani.

1. BETRI YA KUWASHIA SIO BETRI YA KUTUMIA

Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba nyingi ndani. Kazi yake ni kutoa umeme mkubwa kwa sekunde chache, kisha altaneta inairudishia. Ukiitumia polepole usiku kucha mpaka iishe, sahani zinaharibika haraka. Deep cycle ina sahani nene, imetengenezwa kushuka na kupanda kila siku.

Utaitambuaje? Angalia lebo. Ikiwa imejisifia CCA, hicho ni kipimo cha nguvu ya kuwashia injini. Na neno "kavu" lisikuchanganye. Kavu maana yake huongezi maji tu. Kuna kavu za kuwashia na kavu za deep cycle.

2. PIGA HESABU YA MATUMIZI KWANZA

Usiulize "betri gani nzuri?" Jiulize "natumia ngapi kwa siku?" Hesabu yangu hii hapa:

- Friji ni wati 48. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 4. Kwa joto la Moro inafanya kazi kama nusu ya muda, kwa hiyo wastani ni ampea 2. Kwa saa 24 ni 48 Ah.
- Taa ampea 1 kwa saa 4: 4 Ah.
- Simu mbili na taa ya kupigia video za bidhaa: kama 5 Ah.

Jumla 57 Ah. Nimehesabu siku nzima makusudi, maana umeme wa nyumbani ukikatika usiku friji inabaki inategemea betri peke yake.

Sasa, betri ya risasi, iwe ya maji, AGM au jeli, usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu. Kwa hiyo 57 zidisha mara mbili, ni 114. Nilihitaji betri ya 120 Ah. Ile N70 yangu ina Ah 70 hivi, nusu yake 35. Yaani kila siku nilikuwa naikamua hadi karibu na mwisho. Ilikuwa lazima ife.

3. JUA UNACHOCHAGUA

Ya maji: bei nafuu, ila unakagua maji kila mara, na inapochajiwa inatoa gesi inayoweza kushika moto. Usiiweke sehemu iliyofungwa unapokaa au kulala.

AGM: haimwagiki, haiongezwi maji, inastahimili mtikisiko wa barabara zetu. Ni nzito, ya 100 Ah inafika kama kilo 30.

Jeli: nayo haimwagiki, lakini haipendi chaji ya volti kubwa. Chaja isiyo na mpangilio wa jeli inaweza kuiharibu.

Lithiamu (LiFePO4): nyepesi, ya 100 Ah ni kilo 11 mpaka 13 hivi. Unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi bila kuiumiza, na inastahimili kushuka na kupanda mara elfu mbili na kuendelea, wakati ya risasi ni mara mia kadhaa. Bei yake ya kuanzia ndiyo inayotisha.

Kabla hujaogopa, gawa bei kwa Ah unazoweza kutumia kweli. AGM ya 100 Ah inakupa 50. Lithiamu ya 100 Ah inakupa 80. Ukiweka na miaka, mara nyingi lithiamu inarudisha hela kwa anayeitumia kila siku.

4. BETRI NA CHAJA NI MKE NA MUME

Hapa ndipo wengi tunapigwa. Unanunua betri nzuri, chaja inaiua. Lithiamu ikiunganishwa moja kwa moja na altaneta inavuta umeme mwingi mfululizo, na altaneta ndogo ya kirikuu inaweza kuungua. Inatakiwa chaja ya katikati, ile ya DC-DC. Weka gharama yake kwenye bajeti kabla hujasema lithiamu ni bei fulani.

Za risasi nazo zina lao: sehemu ya mwisho ya chaji inaingia polepole, inachukua masaa. Kuzunguka mjini saa moja hakuijazi. Ukiiacha nusu nusu kila siku, inachoka mapema.

Mimi mtaji ulikuwa mdogo, nikachukua AGM ya 120 Ah. Mchana inachajiwa na altaneta, usiku naichomeka kwenye chaja yenye mpangilio wa AGM. Fundi aliweka rilei ili friji isimalize betri ya kuwashia, na fyuzi karibu kabisa na kichwa cha chanya. Usikubali fundi akuambie fyuzi sio lazima. Waya ukigusana na bodi, gari linawaka.

5. KABLA HUJATUMA HELA

Sisi tunaouza mtandaoni tunajua picha inavyoweza kupendezesha kitu. Basi na wewe ukinunua betri mtandaoni omba hivi:

- Picha ya lebo halisi, sio ya kwenye katalogi.
- Ah zimepimwa kwa masaa mangapi? C20 ni masaa 20. Betri ile ile ikipimwa kwa C100 inaonyesha namba kubwa zaidi. Linganisha C20 kwa C20.
- Uzito. AGM ya 100 Ah yenye kilo 15 ina walakini.
- Tarehe ya kutengenezwa. Ya risasi iliyokaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa imeshaanza kufa.
- Waranti iliyoandikwa kwenye risiti, sio ya mdomo.

Na ukiunganisha mbili, zote ziwe mpya, aina moja, Ah sawa. Ya zamani itaivuta mpya chini.

Ukishafunga, nunua mita ya kupimia volti. Zima kila kitu, acha itulie masaa kadhaa, pima. Ya risasi ikisoma 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 iko nusu, acha kutumia, chaji. Lithiamu haisomeki hivyo, hiyo inahitaji kifaa cha kuhesabu Ah.

Betri yangu sasa ina miezi 14. Kila asubuhi kabla sijawasha data napima kwanza. Mteja akilipa nusu, anakuwa ameniamini, na imani hiyo iko ndani ya friji.

Mtumie mwenzako mwenye friji kwenye gari kabla hajaenda dukani. Kazi njema.