Kuatamia ni Pamoja na Kufunika

Mama mmoja anayetengeneza sabuni za mwani aliwahi kunirudishia fomu ya robo mwaka ikionyesha mauzo ya shilingi milioni 3. Nilikuwa nimetoka kwenye karakana yake siku hiyo hiyo. Katoni zilizosubiri gari pale mlangoni, hata ukizihesabu kwa bei ya jumla, peke yake zilipita milioni 3. Sikumlaumu. Kabla ya kujaza aliniuliza, "Mwanangu, hii namba itasomwa na nani?" Nikamjibu kuwa ni ya kituo kinacholea biashara yake tu. Jioni nilipofungua orodha ya wenye ruhusa ya kuingia kwenye jedwali la namba hizo, nikakuta anwani za barua pepe zaidi ya 30. Nyingine zilikuwa za washauri walioondoka kituoni zamani, na mmoja wao siku hizi anauza sabuni.

Tangu hapo, kituo atamizi kama hicho kinaponiomba ushauri juu ya jukwaa la kukusanya na kushirikishana takwimu za utendaji wake, sianzi na bei wala usimbaji fiche. Naanza na swali la yule mama. Hofu ya mjasiriamali huingia ndani ya namba anazojaza, na namba iliyojazwa kwa hofu haipimi kitu, hata ukiifungia kwenye seva imara kuliko zote duniani.

Kiswahili kilichagua neno zuri kilipoita vituo hivi atamizi, kutokana na kuatamia. Kuku anayeatamia hupasha mayai joto, lakini pia huyafunika. Kwa Kiingereza jina hilo lilipatikana kwa namna inayofanana. Mwaka 1959, katika mji wa Batavia, jimbo la New York, Joseph Mancuso alikuwa na jengo kubwa la kiwanda lililoachwa wazi na kampuni ya Massey-Harris. Hakupata mpangaji mmoja wa kulichukua lote, akaligawa kwa wafanyabiashara wadogo na kuwasaidia ushauri na mitaji. Mmoja wa wapangaji wake wa mwanzo alikuwa akitotolesha vifaranga, na jina la mashine ya kutotolesha likahamia kwenye jengo zima. Mancuso angeweza kupima mafanikio kwa kuhesabu vyumba vilivyopangishwa. Leo Buni Hub na DTBi zilizoanzia chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH), viatamizi vya shirika la viwanda vidogo la SIDO, na iHub ya Nairobi iliyoanza mwaka 2010, vyote vinaulizwa mambo mazito zaidi: biashara ngapi bado ziko hai baada ya kuhitimu, zimeajiri wangapi, zimeuza kiasi gani, zimepata mtaji kutoka wapi.

Maswali hayo yana gharama ambayo wauzaji wa mifumo hawaitaji. Ili ujue kama biashara imedumu, lazima uifuatilie miaka kadhaa baada ya kuondoka kwako, yaani namba za mwaka huu ziungane na za mwaka wa kwanza. Na ili ujue kama kituo ndicho kilichosaidia, huna budi kuwalinganisha uliowapokea na wale waliokuomba nafasi ukawakataa. Mradi wa GALI, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani na mtandao wa ANDE, ulikusanya takwimu kwa njia hiyo: waombaji wote walijaza fomu, waliopokelewa na waliokosa, kisha wakafuatiliwa. Ni njia sahihi. Lakini tazama inakuacha na nini mkononi: siri za watu uliowafungia mlango, watu wasio na sababu yoyote ya kukuamini.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ninayoitafuta kwenye jukwaa ni uwezo wa kutenganisha jina na namba. Kila biashara ipewe msimbo, tuseme K-047, na takwimu zote ziandikwe kwa msimbo huo mwaka hadi mwaka. Orodha inayosema K-047 ni nani ikae mahali pengine, chini ya mtu mwingine, kwa nywila nyingine. Mchambuzi haihitaji. Mfadhili haihitaji. Afisa anayepiga simu kuwafuatilia wahitimu ndiye anayeihitaji, naye hana haja ya kuona mauzo yao. Mfumo usioweza kuwatenga watu hawa wawili, siununui.

Hata hivyo, kuondoa majina hakutoshi, na hapa ndipo vituo vyetu vinapoteleza zaidi. Katikati ya miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za hospitali za watumishi wake, majina yakiwa yamefutwa. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alinunua daftari la wapigakura la mji wa Cambridge kwa dola 20, akalilinganisha na kumbukumbu hizo kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta, akaipata rekodi ya matibabu ya gavana William Weld. Baadaye alikadiria kwamba mambo hayo matatu tu yangetosha kuwatambulisha asilimia 87 ya Wamarekani. Sasa fikiria kundi la biashara 12 katika kituo kimoja cha mkoa. Ukiandika kwenye ripoti "mwanamke, bidhaa za mwani, kundi la pili", umeshalitaja jina. Jukwaa linalofaa hukataa kuonyesha jumla yoyote iliyotokana na biashara chache kuliko kiwango mlichokiweka. Mimi hushauri isiwe chini ya 5. Kwa kundi dogo, unganisha miaka miwili au sekta mbili kabla ya kuchapisha.

Sheria zetu zinasaidia, ila zina mpaka ambao wengi hawauoni. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa jumla zote zinamtaka mkusanyaji ajisajili, akusanye kwa lengo alilolitaja, na asipeleke taarifa nje ya nchi bila kutimiza masharti. Nchini Kenya, uvujaji unaoweza kumdhuru mhusika lazima uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Lakini sheria hizi zinamlinda mtu. Jina la yule mama, simu yake na namba yake ya NIDA vimo ndani ya ulinzi huo. Kama biashara yake ni kampuni iliyosajiliwa BRELA, mauzo ya kampuni na kipimo cha mchanganyiko wa sabuni kwa kawaida havitakuwa taarifa binafsi. Vitategemea zaidi mkataba kati yake na kituo. Nimeona vituo vikitumia miezi kujadili seva iwe nchi gani, huku mkataba wa mjasiriamali ukiwa ukurasa mmoja usiotaja neno siri.

Kuna njia ya kupima bila mtu yeyote kuona namba ya mwenzake, nayo imeshafanya kazi nje ya maabara. Januari 2008, wakulima wapatao 1,200 wa viazisukari nchini Denmark walinadi haki zao za kuzalisha. Mnunuzi wa zao lao alikuwa mmoja tu, kampuni ya Danisco, na hawakutaka ijue kila mkulima yuko tayari kushuka hadi bei gani. Zabuni zao zilikatwa vipande vilivyosimbwa, na hesabu ikafanywa kwa pamoja na pande tatu: Danisco, chama cha wakulima na watafiti. Hakuna upande ulioweza kuzifungua peke yake.

Wazo lenyewe unaweza kulijaribu mezani kwa karatasi. Asha ameuza milioni 12, Juma 7, Neema 20. Asha anaikata 12 yake kuwa 5, 3 na 4, na kila kipande anampa mtunzaji tofauti. Juma anakata 1, 4 na 2. Neema anakata 6, 9 na 5. Mtunzaji wa kwanza anajumlisha alivyopewa na kupata 12, wa pili 16, wa tatu 11. Jumla ni 39, sawa na mauzo ya wote watatu, na hakuna mtunzaji aliyeiona namba halisi ya mtu. Katika mfumo halisi vipande huwa vya kubahatisha kabisa, vingine hasi, ili hata ukubwa wa kipande usidokeze kitu. Baraza la wanawake na ajira la Boston limetumia hesabu ya aina hii, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Boston, kupima pengo la mishahara bila waajiri kufunuliana malipo yao. Mtandao wa vituo vya Afrika Mashariki ukitaka kujilinganisha bila kuoneana wivu, ningeanzia hapa.

Kwa kituo kimoja, hilo ni zito mno; zipo njia nyepesi, kila moja na kasoro yake. KoboToolbox inaweza kusimba fomu tangu kwenye simu, ila ukiupoteza ufunguo wako binafsi umezipoteza takwimu zako. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo wizara za afya zetu zinaitumia, ina ngazi za ruhusa zinazoweza kufuata mkoa, kituo na kundi, lakini inadai fundi wa kuihudumia. Nextcloud kwenye seva yako hutunza mafaili vizuri, lakini seva iliyo chini ya meza, isiyosasishwa na inayozimika kila umeme ukikatika, ni hatari kuliko wingu la kulipia lenye uthibitisho wa hatua mbili. Kwa wengi ningechagua wingu hilo bila kusita.

Kabla ya kusaini, mwambie muuzaji akufanyie mambo matatu mbele ya macho yako. Kwanza, amfungie mlango mshauri aliyeacha kazi, kisha mjaribu kuingia kwa akaunti yake. Pili, akuonyeshe nani alifungua rekodi ya K-047 wiki iliyopita. Tatu, akutolee takwimu zako zote katika faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma. Akisema hilo la mwisho linahitaji maombi kwa barua, ondoka.

Kituo cha yule mama kilibadilisha mfumo. Sasa kila mjasiriamali anapata orodha fupi ya walioifungua rekodi yake. Mwezi wa tatu alinipigia simu. "Mwanangu, ile robo ya mwaka jana, naweza kuirekebisha?" Nikamwambia anaweza, na kwamba namba ya zamani itabaki kwenye kumbukumbu pamoja na tarehe yake. Alinyamaza kidogo, kisha akanitajia milioni 11.