Bima ya afya kwa wazee mkoani Njombe

Bima ya afya kwa wazee mkoani Njombe ni jumla ya mipango inayowawezesha wazee wa mkoa huo, ulioko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kutibiwa bila kubeba gharama zote wao wenyewe. Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi.

## Historia

Uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa umma. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), uliolenga hasa wakazi wa vijijini.

## Njia za kupata huduma

* Mstaafu: mwanachama wa NHIF aliyechangia hadi kustaafu huendelea kutibiwa pamoja na mwenzi wake bila kukatwa mchango.
* Mzazi wa mwajiriwa: mwanachama wa NHIF anaweza kuandikisha mwenzi na wategemezi wanne, wakiwemo wazazi. Mama anayeishi Makambako anaweza kutumia kadi iliyotokana na ajira ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Lakini mtoto mwenye watoto wanne aliowaandikisha hana nafasi iliyobaki kwa mzazi.
* Kaya: CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa kama Njombe.
* Msamaha wa malipo: Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bure katika vituo vya umma. Huu si bima, kwa kuwa hauna mchango.

## Hali ya Njombe na Makambako

Wakazi wengi wa mkoa ni wakulima, hivyo wengi wao huzeeka bila pensheni na njia ya kwanza haiwahusu. Aidha, utafiti wa kitaifa wa 2016-17 uliupa mkoa kiwango cha juu kuliko yote nchini cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima, asilimia 11.4. Ugonjwa huo uliwaachia baadhi ya mabibi na mababu malezi ya wajukuu yatima. Kwao, kadi ya kaya ina uzito kuliko msamaha, kwa sababu msamaha humhusu mzee peke yake.

## Changamoto

Mzee aliyezaliwa kabla ya usajili wa vizazi kuenea huweza kukosa cheti cha kuthibitisha umri, akahitaji barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Msamaha pia hauleti dawa: ya shinikizo la damu au kisukari ikikosekana kituoni, mgonjwa huinunua dukani. Nauli ya kufika hospitali nayo hubaki juu ya familia.

## Bima ya Afya kwa Wote

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi wa Tanzania Bara kuwa na bima na kuweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Kwa mzee maskini, tofauti ni kwamba anatambuliwa kama mwanachama mwenye haki ya kitita cha huduma, si mtu anayeomba kusamehewa dirishani.