Msitu Tunaoupita kwa Matatu Bila Kushuka



Mwezi uliopita binti yangu, aliye gredi ya sita, alirudi na kazi ya shule: ataje miti kumi inayoota mahali petu. Nikaona jambo rahisi hilo. Nikamwambia andika: mnazi, mwembe, mkorosho, mwarobaini, mpapai. Akaandika, kisha akaniangalia. "Baba, hii yote iko uani kwa bibi. Na ile ya msituni je?"

Nikanyamaza. Mimi ni mtu wa Malindi. Barabara ya Mombasa nimeipita mara zisizo na idadi, na kila ninapokwenda, msitu wa Arabuko-Sokoke huwa dirishani upande wa kulia. Nimevuka miaka arubaini na sijawahi kushuka hata mara moja. Nilidhani mule ndani ni kwa wazungu wenye darubini na askari wa misitu. Siku hiyo nikaona haya mbele ya mtoto wangu, nikamwambia Jumamosi twende.

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Gari likatushusha Gede, tukapanda tuktuk mpaka kituo cha msitu, ambacho hakiko mbali na hapo. Langoni tukalipa ada, tukapewa kijana wa kutuongoza, Mgiriama wa kijiji cha kando ya msitu. Usijaribu kuingia peke yako. Mna ndovu mule, na vijia vinagawanyika hadi mgeni asijue alikotoka.

Neno la kwanza alilotuambia kijana yule ni hili: "Baba, tazameni chini kabla ya kutazama juu." Nikadhani anatuonya nyoka. Kumbe alikuwa anatufundisha kusoma msitu. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, si msitu wa namna moja. Ni mitatu ndani ya mmoja, na kinachoigawanya ni udongo. Upande wa mashariki, karibu na bahari, miti imechanganyika ya kila aina. Ukiingia ndani zaidi unakuta mchanga mweupe usio na rutuba, na hapo mrihi ndio unaotawala, umesimama kwa nafasi na jua linafika chini. Ukizidi kwenda magharibi udongo unageuka mwekundu, na miti inakuwa mifupi iliyosongana, kichaka ambacho mtu hapenyi bila njia. Basi mguu wako unakwambia ulipo kabla ya jicho.

Msitu huu ni kipande kilichobaki cha ukanda wa misitu ya pwani uliokuwa ukitambaa kutoka Somalia mpaka Msumbiji. Kwingi umekatwa ukawa mashamba na miji. Ndiyo maana mna viumbe ambao ni vigumu kuwaona kwingine duniani. Kuna sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu inayopekuapekua majani makavu kutafuta wadudu. Tulisikia mchakacho, tukasimama, na binti yangu akaona mgongo wa manjano ukipotea kichakani. Mimi sikuuona, na mpaka leo ananicheka. Kuna pia bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1965. Nje ya pwani yetu, anajulikana kuishi chini ya milima ya Usambara huko Tanzania tu. Sisi bundi akilia juu ya paa tunamfukuza, ilhali kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta huyu wetu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mti. Kijana alitusimamisha mbele ya mbambakofi. Jina hilo nimelisikia tangu utotoni kwa mafundi wa milango na vyombo vya baharini. Mbao zake nimezigusa, na mti wenyewe nilikuwa naushika mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mida, ng'ambo ya barabara. Huko kuna daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, linalokutoa nchi kavu mpaka kibanda cha kutazamia ndege. Hapa mwalimu ni maji. Yakipwa, ndege hutawanyika mbali topeni wakila. Yakianza kujaa, huwasukuma kuja karibu nawe. Kwa hiyo muulize mvuvi saa za maji kabla ya kutoka nyumbani, hasa siku za bamvua. Kuanzia mwezi wa nane au wa tisa mpaka wa nne wako ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Ukiwa juu ya daraja, tazama mizizi: mkoko umesimama juu ya miguu yake kama buibui, na mchu umechomoza vijiti topeni, ambavyo ndivyo pua zake za kuvutia hewa.

Kwa anayetaka kwenda, haya ndiyo niliyojifunza. Toka mapema, kabla jua halijawa kali. Vaa viatu vilivyofunika mguu na nguo ndefu, kwa ajili ya kupe na miiba. Binti yangu alivaa suruali ndani ya dera na hakuchoka. Beba maji ya kutosha. Beba kitambulisho, maana ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni. Usichume wala usivunje, piga picha tu. Na taka zako rudi nazo. Tumefundishwa madrasani kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Sasa vipi tuwe sisi ndio wa kuutia?

Kuna jambo moja ndugu msomaji sitaki lipite. Tulipokuwa wadogo, kulikuwa na kijia karibu na kwetu cha kutelemkia pwani. Tukikipita kwenda kuogelea, wavuvi wakikipita na mitego. Leo kinaishia kwenye ukuta. Nilipowauliza majirani nani alilalamika ulipojengwa, nikajibiwa hakuna, kwa sababu wakati huo hakuna aliyekuwa akikipita tena. Vijana walikuwa na simu zao, wazee miguu inauma, nasi wa makamo tuko kwenye magari. Ukuta ulikuja mwisho. Kijia kilikuwa kimekufa zamani.

Hilo ndilo ninaloliogopea Arabuko-Sokoke na Mida. Langoni nilitia saini daftari la wageni, na katika ukurasa ule majina ya watu wa kwetu yalikuwa ya kuhesabu. Msitu ambao wenyeji hawaujui, siku ukikatwa watahisi kimekatwa kitu cha wengine. Wapo wachache wanaoujua kwa faida yake. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, ulioko Gede, umewawezesha wakulima wa vijiji vya kando kufuga vipepeo na kuwauza nje ya nchi. Watu hao huhitaji kuambiwa kwa nini miti isikatwe. Sisi wengine mapenzi yetu yataanzia miguuni.

Tuliporudi, binti alimwonyesha mamangu picha za miti kwenye simu. Mama siku hizi magoti hayamruhusu kwenda mbali. Alivaa miwani akaanza kuzipitia: huu majani yake twachemshia mtoto mwenye homa, huu hauwashwi kuni, huu kivuli chake babu yenu alikipenda. Alitaja zaidi ya ile kumi ya mwalimu. Kisha akanigeukia. "Hii yote naijua miaka yote. Mbona hukuniuliza?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi hii, inshallah, maji yatakuwa yamepwa asubuhi. Tumemtafutia mama tuktuk ya kumfikisha mpaka mwanzo wa daraja la Mida. Atakaa kivulini na mjukuu wake, na safari hii nitakuwa na daftari.