Jina Likiharibika Hutengenezwa Polepole

Ndugu wafanyakazi, tangu Desemba 2008 benki za Uganda hupeana habari za wakopaji kupitia ofisi maalumu ya kumbukumbu za mikopo. Asiyelipa benki moja hujulikana zote.

Sisi wa Kampala tuna mwenzetu aliyeshindwa kulipa alipopunguzwa kazi. Alipoajiriwa tena, karo ya mtoto ilikosa mkopeshaji.

Katika chama chetu cha akiba na mikopo, mkopo hufika mara tatu ya akiba. Tulimdhamini kwa mkopo mdogo. Angeshindwa, akiba zetu zingekatwa. Alilipa kila siku ya mshahara. Akapewa wa pili, mkubwa kidogo, kisha wa tatu. Mtoto amerudi shuleni.

Ndugu, tusirukie mkopo mkubwa. Haba na haba hujaza kibaba.